Tafakari ya Juma: Jiwe la Mpaka



Mvua za kwanza hazipo mbali. Kila aliyezaliwa katika Nyanda hizi za Juu Kusini anafahamu kwamba jembe linapotolewa kuanza kazi, maneno ya mipaka nayo hutolewa pamoja nalo. Tangu wakati wa kusafisha mashamba hadi mahindi yaote, mlango wa ofisi yetu ya parokia hubishwa na watu ambao hawakuja kutafuta cheti cha ubatizo wala kuandikisha nia ya Misa. Huketi, huvua kofia, na baada ya salamu hutamka neno lile lile: “Baba Paroko, jirani amesogea.”

Amesogea! Hasemi kwamba jirani ameiba, wala kwamba amevamia. Jirani amesogea kwa hatua moja mwaka jana, na hatua nyingine mwaka huu. Ni neno dogo, lakini tumeona likivunja undugu wa miaka 40. Kwa hiyo juma hili tumependa tutafakari pamoja namna mipaka ya ardhi kati ya jirani na jirani inavyoamuliwa kwa mujibu wa sheria ya nchi yetu, na sheria hiyo inatudai nini sisi wenyewe kabla haijamdai hakimu. Sisi si wakili, na tafakari hii haichukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria. Lakini mchungaji anayebishiwa hodi kwa jambo moja kila msimu hana budi kulisoma jambo hilo.

Tuseme wazi tangu mwanzo: paroko hakati mipaka. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, mtu mmoja alimwendea Bwana akitaka amwamuru ndugu yake amgawie urithi, na Bwana akakataa kufanywa mwamuzi wa mgawo ule. Badala yake akawaonya wote waliokuwapo juu ya tamaa. Nasi hufuata njia hiyo hiyo. Huwasikiliza wanaokuja, huwaombea, kisha huwaonyesha mahali ambapo sheria imeweka mlango. Na mlango wenyewe uko karibu mno na nyumba zao, kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze na mpaka wenyewe. Katika viwanja vilivyopimwa mijini, Mbeya au Iringa, mpaka una jiwe la bikoni lililowekwa na mpima ardhi, na jiwe hilo lina namba katika ramani iliyoidhinishwa na serikali. Kuling’oa au kulihamisha ni kosa la jinai. Hapo shauri la mpaka huanza na kazi ya mpima: anaitwa, anasoma ramani, anaitafuta bikoni chini ya udongo, na mara nyingi mabishano huishia hapo.

Vijijini mambo ni tofauti. Mpaka ni mstari wa minyaa uliopandwa na babu. Ni mfereji, ni tuta, ni mti wa mwati uliobaki peke yake baada ya wenzake kukatwa mkaa, ni jiwe kubwa ambalo halikuletwa na mtu. Utotoni mwetu, upande wa Iringa, tulikuwa na babu aliyekuwa na desturi yake kila mwaka kabla ya kulima. Alituchukua wajukuu, akamwita na jirani yake, nao wawili wakatembea taratibu kando ya shamba huku sisi tukifuata nyuma. Kwenye kila kona babu alisimama, akamwambia jirani, “Mwenzangu, hapa ndipo,” na jirani akajibu, “Hapa ndipo.” Sisi tuliona kazi hiyo inachosha, maana hakuna aliyebisha na hakuna kilichotokea. Tulipokua ndipo tulipoelewa kwamba kutotokea kitu ndiyo faida ya safari ile. Wazee wale walikuwa wanaandika hati kwa miguu yao, na mashahidi walikuwa sisi.

Lakini hati ya miguu hufa na wenye miguu. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yapo pia mambo ya historia ambayo hatuwezi kuyaruka. Katika mikoa yetu, mipaka mingi ya leo haikurithiwa kwa babu. Ilichorwa wakati wa vijiji vya ujamaa, watu walipohamishwa na kugawiwa mashamba mapya, mara nyingine juu ya mashamba ya kale ya watu wengine. Iringa inaikumbuka Sikukuu ya Noeli ya mwaka 1971, pale Isimani, ambapo Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na kufa mikononi mwa mkulima Said Mwamwindi, baada ya mabishano shambani. Mkulima yule alijisalimisha polisi, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Hatulikumbushi jambo hili ili kufukua makaburi. Tunalikumbusha kwa sababu linaonyesha kwamba ardhi, inapoamuliwa pasipo mazungumzo, inaweza kudai damu hata siku ya kuzaliwa Mfalme wa Amani.

Bunge lilipotunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, lilikuta jeraha hilo halijapona. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001 pamoja na mwenzake, Sheria ya Ardhi Na. 4, ilitamka kwamba ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 unathibitishwa kuwa halali, hata kama ulifanyika bila kufuata sheria ya wakati ule. Kwa hiyo anayesema leo, “Hapa palikuwa pa babu yangu kabla ya Operesheni Vijiji,” anaweza kuwa anasema kweli tupu, lakini ukweli huo peke yake haumrudishii shamba. Ni neno gumu kwa wengi, na tunalisema kwa upole. Ila ni afadhali kulisikia parokiani bure kuliko kulisikia barazani baada ya kuuza ng’ombe.

Sasa tuione ngazi yenyewe ambayo sheria imeijenga. Daraja la chini kabisa ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, na kati yao 3 ni wanawake. Halmashauri ya Kijiji huwapendekeza na Mkutano Mkuu wa Kijiji huwathibitisha. Baraza hili halihukumu. Kazi yake ni kusuluhisha, yaani kuwaketisha pamoja wanaogombana na kuwasaidia wafikie neno moja. Halina nguvu ya kumlazimisha mtu, na asiyeridhika anaweza kwenda mbele.

Daraja la pili ni Baraza la Kata. Hapa wengi bado wana habari za zamani. Chini ya Sheria Na. 2 ya mwaka 2002, ihusuyo mahakama za migogoro ya ardhi, Baraza la Kata lilikuwa na uwezo wa kusikiliza na kuamua shauri la ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi 3,000,000. Uwezo huo uliondolewa kwa marekebisho ya mwaka 2021. Tangu hapo Baraza la Kata linasuluhisha tu. Lakini msilidharau! Sheria inasema kwamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lisisikilize shauri la ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limejaribu kupatanisha na limeshindwa. Zikipita siku 30 tangu jambo lifikishwe katani bila usuluhishi kupatikana, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda mbele hata bila uthibitisho huo. Tena, barazani kwa kata wakili haruhusiwi kusimama kwa niaba ya mtu. Ni wewe, jirani yako, na watu wanaowafahamu ninyi wote wawili.

Daraja la tatu ndilo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye mwenyekiti aliyesomea sheria na wazee wa baraza wasiopungua wawili wanaokaa pamoja naye. Huko ndiko hukumu zinakotolewa. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na juu yake iko Mahakama ya Rufani, ambayo huja kuketi Mbeya na Iringa kwa vikao vyake.

Ndugu msomaji, itazame ngazi hii kwa makini. Madaraja mawili ya kwanza, ambayo karibu kila mgogoro wa mpaka wa kijijini hutakiwa kuyapitia, hayana hakimu. Yana majirani. Serikali, yenye polisi na magereza, imesema kuhusu mpaka wa shamba: kwanza zungumzeni. Mwinjili Mathayo anasimulia jinsi Bwana alivyowashauri wasikilizaji wake wapatane na mshitaki wao wakiwa bado njiani, kabla ya kumfikia hakimu. Tunapousoma ushauri huo sambamba na sheria hii, tunaona kwamba njia hiyo ina urefu wa siku 30, nayo inapita katika ofisi ya kata.

Kwa nini sheria imefanya hivyo? Si kwa huruma tu. Ni kwa sababu hakimu wa mpaka ni mtu asiyejua kitu. Hakuzaliwa hapo, hakulima hapo, hakuuona mfereji wa kwanza. Kila atakachokijua atakijua kutoka kwa majirani. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2003 zinamtaka anayefungua shauri katika Baraza la Wilaya aeleze ardhi inayogombewa iko wapi, na mashauri mengi yameanguka kwa sababu tu mdai aliandika “shamba langu lililopo kijijini” bila kutaja ukubwa wake wala anapakana na nani mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Hukumu isiyojua mipaka haitekelezeki. Baraza linaweza pia kwenda kulitembelea shamba lenyewe, ingawa Mahakama ya Rufani ilikwisha kuelekeza mwaka 1980 kwamba ziara ya namna hiyo ifanyike kwa nadra, pale inapolazimu. Wadaawa na mashahidi wahusika wawepo, yanayosemwa yaandikwe, na maandishi hayo yasomwe baadaye mbele ya pande zote. Hakimu haendi shambani kwa siri. Na akifika, atawauliza nani? Atawauliza majirani.

Turuhusuni tuwasimulie habari ya familia mbili katika mojawapo ya vigango vyetu, huku kwenye miteremko ya Rungwe. Hatutataja majina. Mmoja tumwite Mzee wa Juu na mwingine Mzee wa Chini, maana ndivyo mashamba yao yalivyo. Wote ni wanajumuiya, tena wa jumuiya ndogo ndogo moja. Baba zao walichimba mfereji kati ya mashamba, nao ukawa mpaka kwa muda mrefu pasipo neno. Msimu mmoja mvua ikawa kubwa, udongo ukaporomoka, mfereji ukajaa, maji yakajichimbia njia nyingine hatua tatu kutoka ile ya kwanza. Hakuna mtu aliyehamisha mpaka. Ni mvua iliyouhamisha. Miaka ikapita, bei ya parachichi ikapanda, na miche ikapandwa katika zile hatua tatu. Hapo ndipo kila mmoja alipokumbuka mfereji wake.

Tuliwasikiliza wote wawili, kila mmoja kwa siku yake, na tunathubutu kusema kwamba hakuna aliyekuwa mwongo. Mmoja aliukumbuka mfereji wa baba, mwingine aliukumbuka mfereji aliokua akiuona. Baraza la Kijiji likawaita. Mzee wa Juu hakwenda, kwa kuwa mjumbe mmoja alikuwa shemeji wa mwenzake. Katani wakaenda wote, lakini kila mmoja alikuwa amekwisha kuapa nyumbani kwake kwamba hatarudi nyuma hata unyayo. Siku 30 zikaisha. Wakaenda wilayani.

Huko walikaa miaka mitatu. Ng’ombe wa maziwa akauzwa upande mmoja, mbao zikauzwa upande wa pili. Alikuwapo bibi mmoja, mzee kuliko wote kitongojini, aliyekuwa amewapelekea chakula wachimbaji wa mfereji ule alipokuwa msichana. Yeye ndiye aliyejua ulipopita. Aliwekwa katika orodha ya mashahidi, lakini shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, na kabla ya siku yake tulimzika. Tulisimama kando ya kaburi lake, wazee wale wawili wakiwa mmoja upande huu na mmoja upande ule, na kila mtu aliyekuwapo alifahamu ni kitu gani kilichokuwa kinafukiwa pamoja naye.

Hukumu ilitolewa. Mmoja alishinda zile hatua tatu, tena kwa haki, kwa kadiri ya ushahidi uliobaki. Lakini hukumu ilitaja mpaka tu. Haikutaja njia ya kwenda kisimani, ambayo tangu zamani ilipita katika shamba la aliyeshindwa kwa ridhaa yake. Siku iliyofuata njia ikawekwa miiba. Watoto wa mshindi sasa huzunguka mlima mzima kuteka maji. Jumuiya ile bado husali, ila husali kwa zamu mbili. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, walisema wahenga. Lakini hawakutuambia tufanye nini jirani wa karibu anapokuwa mbali kuliko ndugu wote.

Wala msidhani kwamba kushinda wilayani ndiyo mwisho wa safari. Katika Rufaa ya Madai Na. 287 ya mwaka 2017, iliyotokana na mgogoro wa ardhi dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo wa Baraza la chini kwa sababu maoni ya wazee wa baraza hayakutolewa mbele ya wadaawa jinsi sheria inavyotaka. Hapakuwa na swali kama mdai ni mwongo au mkweli. Ilikuwa hatua moja ya utaratibu, na miaka yote ya shauri ikarudi nyuma. Hatuilaumu mahakama, utaratibu ni ngao ya wanyonge. Tunachosema ni kwamba anayeingia njia hiyo na aijue ilivyo ndefu.

Yako mambo mawili ya muda ambayo kila mwenye shamba anapaswa kuyashika. La kwanza ni ukomo. Sheria yetu ya ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani. Mtu anayemwona jirani anasogea, akanyamaza mwaka baada ya mwaka kwa kusema “Mungu anaona,” aelewe kwamba Mungu anaona kweli, lakini sheria nayo inahesabu. La pili ni kinyume chake. Aliyekaribishwa kulima kwa hisani hageuki kuwa mmiliki kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Mahakama zetu zimelisema hilo mara nyingi. Kumbe tatizo ni lile lile: miaka 20 ikishapita, nani atathibitisha kwamba alikaribishwa? Mwenyeji amekufa, mgeni amekufa, na watoto wa pande zote mbili wamekua wakiliona shamba moja.

Hapa tunawafikiria hasa wajane. Mume anafariki, na kabla majani hayajaota juu ya kaburi, mipaka inaanza kutembea. Mama anakuja kwetu akilia kwamba hajui shamba linaishia wapi, kwa maana marehemu hakumwonyesha, au alionyeshwa yeye lakini wanaume wa ukoo hawataki kumsikiliza. Mama zetu, sheria ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na desturi inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Ila kumbukeni jambo moja ambalo limewaangusha wengi: ardhi ya marehemu hudaiwa barazani na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane au mtoto anayefungua shauri kwa jina lake mwenyewe juu ya mali ya marehemu, bila uteuzi huo, huweza kurudishwa mlangoni hata kama kila mtu anajua kwamba anasema kweli. Nendeni kwanza Mahakama ya Mwanzo mkafungue mirathi.

Tusiishie katika huzuni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imeweka pia njia ya kuandika mipaka kabla haijagombewa, nayo ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mbozi, ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya kabla ya kuanzishwa kwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016, ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza nchini kuijaribu njia hiyo. Na huko Iringa, kuanzia mwaka 2014, vijiji vya Ilalasimba, Itagutwa na Kitayawa vilijaribu jambo jipya kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID: mashamba yalipimwa kwa programu ya simu za mkononi. Baadaye kazi hiyo ilienea katika vijiji vingi vya Wilaya ya Iringa, na wananchi wakapata hati zao kwa makumi ya maelfu.

Watu wanaposikia habari hizi hudhani kwamba simu ndiyo iliyomaliza ugomvi. La hasha! Simu inajua mahali uliposimama. Haijui mahali mpaka ulipo. Vijana wa kijiji walioifundishwa kazi hiyo iliwabidi watembee na mwenye shamba, na majirani zake wawepo, kona kwa kona, wakikubaliana. Kisha majina na ramani vikabandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Kwa maneno mengine, chombo kile cha kisasa kilifanya kazi ya babu na jirani yake: “Hapa ndipo.” “Hapa ndipo.” Tofauti ni kwamba safari hii neno hilo liliandikwa, na karatasi haifi pamoja na bibi.

Basi, tufanye nini kabla ya jembe la kwanza? Tunapendekeza mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Mwite jirani yako mapema, kabla ya msimu, wakati ambapo hakuna mche wala mbegu ya kugombea. Tembeeni mpaka wote pamoja, mkiwa na wake zenu na watoto wenu, si wanaume peke yao. Mkitofautiana mahali, pawekeni alama ya muda, msipande kitu hapo, na mkawaite wazee wanaopajua wakiwa bado hai. Mkikubaliana, andikeni: tarehe, majina, mipaka minne, alama zilizopo, sahihi au dole gumba, na mashahidi wa pande zote, nakala moja ikae ofisi ya kijiji. Hati ya kimila ikipatikana kijijini kwenu, iombeni, na majina ya mume na mke yaingie. Na mkishindwa kabisa, nendeni kwenye Baraza la Kijiji na la Kata kwa nia ya kupatana, si kwa nia ya kupata uthibitisho wa kuendelea mbele.

Mama mmoja mjane wa jumuiya ile ile ya wazee wawili, baada ya kuona yaliyowapata, aliwaomba majirani zake wote wanne siku moja ya Jumamosi. Walitembea mchana mmoja. Penye ubishi walipata pahali pamoja tu, penye kisiki, nao wakagawana kisiki katikati. Karatasi yake ina ukurasa mmoja, na muhuri wa kijiji. Hakuuza kuku hata mmoja.

Tumalizie kwa Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, zimo laana ambazo taifa zima lilizitikia kwa Amina, na mojawapo inamhusu mtu anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake. Tumejiuliza mara nyingi kwa nini laana hiyo imewekwa katikati ya nyingine mbili: moja ya anayewadharau baba na mama yake, na nyingine ya anayempotosha kipofu njiani. Tunadhani nafasi hiyo ina maana. Anayesogeza mpaka anawadharau wazazi, kwa maana anafuta neno walilokubaliana na wenzao. Tena anampotosha kipofu, kwa maana mpaka husogezwa dhidi ya yule asiyeona: mjane ambaye hakuonyeshwa, yatima ambaye bado mdogo, ndugu aliye mbali mjini, na mtoto ambaye hajazaliwa.

Na sisi tulio na macho leo, tuwaonyeshe.

Tuwatakie nyote msimu mwema wa kulima, mvua ya kiasi, na majirani wema. Hadi juma lijalo, tuombeane.

Paroko wenu